Jebena si Pambo: Mhadhara juu ya Kahawa ya Wahabeshi

Assalaamu alaykum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote.

Nimetakiwa nizungumze juu ya utamaduni wa Ethiopia, nchi ambayo wengi wetu tunaipenda bila ya kuikanyaga. Sitaanza na Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, wala Bilali, Mhabeshi aliyekuwa muadhini wa Mtume. Hayo mmeyasoma chuoni tangu wadogo. Nitaanza na jebena, kile chungu cheusi cha kahawa chenye shingo ndefu, kwa sababu nimechoka. Jebena inawekwa mezani ukumbini, imevishwa shanga, ubani unafuka pembeni, wageni wanapiga picha, na kahawa yenyewe inamiminwa kutoka chupa ya chai, imepikwa tangu asubuhi. Halafu tunaambiwa: karibuni kahawa ya Kihabeshi. Hapana, jamani. Hiyo ni kahawa ya chupa iliyokaa karibu na jebena.

Na sisi ndio tusiokuwa na udhuru. Wao kahawa wanaiita buna. Sisi punje zake ni buni na mti wake mbuni. Kikombe chao kidogo kisicho na mkono jina lake sini, na sisi mpaka leo tunasema vyombo vya sini. Buni ile ile hupikwa mara tatu: mpiko wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, wa tatu baraka. Neno hilo la tatu sina haja ya kulifasiri hapa Unguja.

Sasa nisikilizeni namna inavyofanywa, maana utamaduni huu umo katika kazi.

Kwa watu sita au wanane chukua buni mbichi konzi mbili, kama gramu 50 au 60. Zioshe ukizisugua baina ya viganja, ubadilishe maji mpaka yatoke safi. Juu ya punje kuna kingozi chembamba. Ukikiacha kitaungua kabla ya buni na kahawa itakuja na ladha ya jivu. Kikaango kiwe bapa, cha chuma kizito, na punje zitandazwe safu moja tu. Zikirundikana, za chini huwa mkaa na za juu hubaki mbichi. Makaa yawe yamekwisha kushika jivu jeupe. Tikisa bila kusita dakika 10 hadi 15. Zitageuka manjano na kunukia kama nafaka, zitakuja hudhurungi, kisha utazisikia zinapasuka kama bisi. Mwenye pupa hukuza moto mwanzoni: nje nyeusi, ndani mbichi, kahawa inatoka chungu na chachu kwa pamoja, halafu anasingiziwa muuza buni kuwa kauza mbovu.

Hapo sasa, kikaango kingali kinafuka, mpishi huinuka akakipitisha kwa kila mgeni. Mgeni huuvuta moshi kwa kiganja, akaunusa, akatoa neno la kusifu. Nataka mpatazame hapa kwa makini. Mgeni kaiona buni mbichi, kaisikia ikipasuka, kainusa ikiiva. Kila kitu kimefanyika mbele ya macho yake na kwa ajili yake. Ukikaanga jikoni ukamletea kikombe, umempa kinywaji. Ile heshima umeiacha jikoni. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba moshi ni madoido yanayoweza kuachwa.

Tuendelee. Buni ipoe kwanza, ndipo iingie kinuni. Itwange iwe chenga kama mchanga wa pwani. Anayepeleka mashineni ikasagwa vumbi ataona mwenyewe: vumbi halizami, linakuja kikombeni, na watu wanatafuna masimbi, yaani machicha ya kahawa. Maji hutangulia ndani ya jebena mpaka mvuke utoke shingoni, ndipo kahawa inatiwa. Usiondoke hapo. Povu likipanda shingoni iepue, mimina kidogo kikombeni ili ipoe, ukirudishe ulichomimina, uichemshe tena. Kisha ilaze kiupande juu ya kata, kama hii ya kubebea ndoo kichwani, dakika tano hivi, masimbi yakae chini. Kuna jebena zenye mdomo wa kumiminia. Za Eritrea hazina, humiminwa kwa shingo hiyo hiyo na huzibwa kwa singa za farasi au nyuzi za mtende ziwe chujio. Mimina kutoka juu, uzi mwembamba, kikombe hadi kikombe bila kuinua shingo ya jebena. Ukiinua na kuinamisha, ukainua tena, masimbi yatavurugika na umeharibu kazi ya saa nzima.

Mpiko wa pili hauongezwi kahawa, huongezwa maji juu ya masimbi yale yale. Wa tatu vilevile. Abol ni nzito, baraka ni nyepesi, na kuondoka kabla ya baraka si adabu. Yote hayo huchukua saa moja hadi mbili, watu wakila bisi au shayiri ya kukaanga.

Najua mtu ananiuliza kimoyomoyo: kwani sisi hatuna kahawa? Tunayo, na ni nzuri. Dele letu la shaba, tangawizi, kashata, muuza kahawa anayegonganisha vikombe ukamjua kabla hujamwona. Sisemi tuiache. Lakini kahawa yetu ya barazani ni ya wanaume, na mpishi ni mfanyabiashara. Kule mpishi ni mwanamke wa nyumba, na mtoto hutumwa kuwaita majirani. Habari za mtaa, ugomvi wa kupatanisha, mgonjwa wa kutazamwa, yote hupita hapo mbele ya wanawake. Baraza la namna hiyo nyumbani kwetu liko wapi, ukiondoa siku ya harusi na siku ya hitima?

Na wapo wasemao hii ni mila ya kanisa. Hilo si kweli hata kidogo. Kwa muda mrefu kanisa la Ethiopia ndilo lililoikataa kahawa, likiihesabu kuwa kinywaji cha Waislamu. Katazo lililegea mwishoni mwa karne ya 19, zama za mfalme Menelik II. Nendeni mkasome habari za Harar, mji wa ukuta na misikiti mashariki ya Ethiopia ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, na Wollo, jimbo la zamani la kaskazini ya Ethiopia, ambako Waislamu hukaa kuomba dua na jebena iko katikati.

Nilikuwa na mambo mengine mawili, nayataja tu. La kwanza ni saa: saa moja ya asubuhi Addis Ababa ni saa moja ya asubuhi hapa, kwa sababu sote tunaanza kuhesabu jua likichomoza. La pili ni mwaka wao wa miezi 13, miezi 12 ya siku 30 na mmoja wa siku tano au sita. Ulinganisheni na mwaka wetu wa Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi na siku tano za juu, mtastaajabu. Hilo ni la siku nyingine. Injera, ule mkate wao mpana, na teff, nafaka yake, pia nimeziacha.

Nimeandikiwa swali: jebena tutaipata wapi? Kwa mfinyanzi wetu huyo huyo anayekufinyangieni vyetezo. Mwambieni afinyange tumbo kwanza, aliache ligande nusu siku kabla ya kuunga shingo na mkono, maana shingo ikiungwa udongo ungali laini hulala. Ikaukie kivulini, juani itapasuka kwenye maungio. Ikishachomwa, chemsheni ndani yake masimbi ya zamani mara mbili na myamwage, ili harufu ya udongo itoke na vitundu vizibe. Msiiweke juu ya moto wa gesi ikiwa baridi, itaachana. Na sabuni isiguse ndani yake: udongo utainywa, nanyi mtainywa kwenye kila kikombe.