Rula Haitoshi: Kusoma Picha za Saratani ya Figo Iliyosambaa

Mabibi na mabwana, madaktari na wanafunzi mliofika jioni hii hapa Upanga,

Mgonjwa wa saratani ya figo iliyosambaa anapoweka bahasha ya picha zake mezani, hutaka kujua jambo moja tu: je, dawa inamsaidia? Kwa muda mrefu tumemjibu kwa rula. Vigezo vya RECIST, vilivyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009, hujumlisha vipenyo virefu vya uvimbe. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 tunasema ameitikia matibabu, na ikipanda kwa asilimia 20 tunasema ugonjwa umesonga mbele.

Saratani hii, hasa aina yake iitwayo ya seli angavu, hustawi kwa wingi wa damu. Dawa kama sunitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, huizuia isiote mishipa mipya, hata uvimbe ukafa kwa ndani huku umbo lake likibaki karibu vilevile. Tuchukue mfano wa uvimbe wa ini uliotoka milimita 62 ukafika 58. Kwa rula, hakuna kilichobadilika. Lakini weupe wake kwenye CT, yaani eksirei ya kompyuta, tuupimao kwa vizio vya Hounsfield, ukishuka kutoka 110 hadi 50, na katikati pakaingia kiza, basi damu haifiki tena pale. Vigezo vya Choi, vilivyotungwa kwanza kwa ajili ya uvimbe wa aina nyingine wa njia ya chakula, huhesabu kushuka kwa asilimia 15 tu kuwa ni mwitikio.

Hapa ndipo ninapowasihi muwe waangalifu. Picha ya kwanza ikipigwa wakati dawa ya kung'arisha picha, ile ichomwayo kwa sindano, ingali kwenye ateri, na ya pili ikapigwa ilipokwisha kufika kwenye vena, weupe utashuka hata kama uvimbe u mzima kabisa, nasi tutampongeza mgonjwa bure. Vilevile sunitinib huweza kutolewa wiki 4 na kupumzishwa wiki 2, na katika mapumziko hayo damu huweza kurudi kwenye uvimbe. Kwa hiyo fomu ya kuombea kipimo ionyeshe mgonjwa yuko wiki ya ngapi ya dawa, na ripoti itaje sekunde zilizopita tangu sindano.

Kwa dawa za kuamsha kinga, uvimbe huweza kuvimba kwanza kabla ya kunywea, ingawa si kwa wengi. Ndiyo maana vigezo vya iRECIST, yaani RECIST iliyorekebishwa kwa ajili ya dawa hizo mwaka 2017, huagiza picha irudiwe baada ya wiki 4 hadi 8, iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu, kabla ya kutamka kwamba dawa imeshindwa.