Nakili Blauzi Uipendayo Bila Kuifumua

Karibu mtazamaji. Leo tunachukua ile blauzi inayokukaa vizuri kuliko zote kabatini, tunaitolea pacha wake wa kitenge, na yenyewe inabaki nzima bila kufumuliwa hata uzi mmoja. Hii iliyopo mezani ni ya mikono mifupi, inavaliwa kwa kupitisha kichwani, haina zipu wala vifungo. Kama ndio kwanza unaanza, chagua ya namna hii. Zenye kola ziache kwanza.

Kabla ya yote, ishike blauzi yako kwa mikono miwili uivute kwa upana. Ikivutika kama fulana, irudishe kabatini. Fulana inapita kichwani kwa sababu inavutika, na kitenge hakivutiki: ukinakili shingo ile ile haitapita kichwa, na kwapani patabana mpaka mshono uachie. Nguo isiyovutika ndiyo inayonakiliwa kwa kitambaa kisichovutika.

Kitenge cha yadi mbili kinatosha. Upana wake huwa kama inchi 45. Kiloweke majini nusu saa, kianike, kipige pasi, ndipo ukikate. Kitenge kipya kina wanga na hurudi kikilowa. Ukiruka hatua hii, nguo itakukaa siku ya kwanza tu, ikifuliwa inapanda tumboni. Vitu vingine ni karatasi la kaki au magazeti yaliyogundishwa, futi kamba, rula ndefu, chaki, mkasi wenye makali na pini zenye vichwa.

Tandika karatasi juu ya kitu laini ambacho pini itazama: zulia, sponji, au boksi lililofunuliwa. Piga mstari mmoja mrefu ulionyooka kwa rula. Huo ndio katikati ya mbele.

Sasa kunja blauzi kwa urefu, upande wa mbele ukiwa nje. Bega likae juu ya bega, mshono wa ubavu juu ya mshono wa ubavu. Laza kunjo juu ya ule mstari, usawazishe kwa kiganja. Usivute; unavyoivuta ndivyo itakavyokuwa pana kwenye karatasi. Mkono usukume pembeni ili mshono wa kwapa ulale bapa.

Tazama hapa kwa karibu. Pini inaingia palepale kwenye bonde la mshono, imesimama wima, inatoboa karatasi, kisha inatolewa. Ikilala, tundu la chini linakwenda kando ya mshono. Kwenye mistari iliyonyooka toboa kila inchi mbili. Kwenye mviringo wa shingo na wa kwapa toboa kila nusu inchi, maana hapo ndipo umbo lilipo. Shingo ya mbele iko chini kuliko ya nyuma, kwa hiyo fuata ukingo wa mbele peke yake. Pini unazoziacha zimeshikilia nguo zihesabu, moja ikibaki kwenye zulia utaitafuta kwa unyayo.

Toa blauzi, unganisha vitundu kwa penseli. Mabega na mbavu tumia rula. Shingo na kwapa chora kwa mkono, polepole. Pale shingo inapokutana na mstari wa katikati, nusu inchi ya kwanza iende kwa pembe mraba. Ukiianza kwa mteremko, siku ya kufunua kitambaa utakuta ncha katikati ya kifua, na shingo ya duara imegeuka umbo la moyo.

Nyuma ni vivyo hivyo, kwenye karatasi nyingine. Usidhani mbele na nyuma ni sawa ila shingo: kwapa la mbele mara nyingi limechimbwa zaidi, kwa sababu mikono yetu hufanya kazi mbele.

Mkono ndio unaoharibu nguo nyingi. Ulaze ukiwa umekunjwa, mshono wa chini ukiwa ukingo mmoja na kunjo la juu ukingo wa pili. Toboa nusu ya mbele, kisha geuza blauzi utoboe nusu ya nyuma kando ya mstari ule ule wa katikati. Nusu ya mbele itie alama moja, ya nyuma mbili. Sasa simamisha futi kamba kwa ubavu wake, ifuate mviringo wa kichwa cha mkono, yaani ukingo wa juu unaoungwa kwapani. Halafu pima kwapa la mbele na la nyuma, ujumlishe. Kichwa cha mkono kinatakiwa kizidi kwa nusu inchi hadi inchi moja. Kikipungua, nguo itakuvuta ukiinua mkono. Kikizidi kwa inchi mbili, begani patajikunja vimikunjo ambavyo pasi haiviondoi. Rekebisha sasa kwenye karatasi kwa kushusha au kupandisha kichwa kidogo.

Vipimo vingine viwili: ubavu wa mbele ulingane na wa nyuma, bega na bega. Pima pia duara la shingo nzima dhidi ya kichwa chako. Kichwa hakibishaniwi.

Mpaka hapa tumechora mishono, hatujaweka nafasi ya kushonea. Ongeza robo inchi shingoni, nusu inchi mabegani na kwapani, inchi moja ubavuni, na inchi moja na nusu kwenye pindo la chini. Mshono wa chini ya mkono nao uwe inchi moja, ulingane na ubavu. Mafundi huacha inchi nzima ubavuni ili nguo ikibana ifumuliwe na kuongezwa. Ukibana matumizi hapo hutakuwa na pa kuongezea.

Kata kwanza shuka la zamani au marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba cha bei rahisi, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ujaribu. Kaa, inama, inua mikono.

Kitenge kikunje kwa urefu, uso ndani, ukingo wenye maandishi ya kiwanda juu ya mwenzake. Katikati ya mbele kwenye kunjo, chini yake katikati ya nyuma kwenye kunjo, kisha mkono. Kwa blauzi ya urefu wa inchi 25 jumla ya urefu wa vipande hivyo inafika kama inchi 64. Yadi mbili ni 72. Kama kitenge kina picha za ndege, hakikisha vipande vyote vinatazama juu. Maua makubwa yasogeze pia: moja likitua kila titi, hakuna atakayetazama mshono wako. Mikono inatoka miwili kwa pamoja. Ukikata mmoja mmoja bila kugeuza karatasi utapata mikono miwili ya kushoto.

Kushona ni kwepesi. Sindano namba 14, mishono kama 10 kwa inchi. Anza na mshono mmoja kuzunguka shingo kabla hujaishikashika, kwa sababu mviringo uliokatwa hutanuka mikononi. Shona mabega. Shingoni zungushia utepe wa inchi moja na robo uliokatwa mshazari, toa vikato vidogo kwenye mviringo bila kufikia uzi, geuza ndani, shona juu yake. Mikono iunge nguo ikiwa bado bapa, alama moja kwa mbele, mbili kwa nyuma, halafu shona kuanzia mwisho wa mkono hadi chini ya ubavu kwa mwendo mmoja. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine. Kingo zipeleke overloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichanuke nyuzi, au zipige zigizaga.

Vaa, pinda chini. Chochote ulichobadilisha nguo ikiwa mwilini kihamishie kwenye karatasi leo hii kwa kalamu ya rangi nyingine, na uandike kama nafasi ya kushonea imo, vinginevyo mwezi ujao utaiongeza mara ya pili.