Mdako na Daftari la Chekechea

SHABANI: Karibuni tena. Da Mwana leo kaingia studio na daftari mkononi, na uso umemkunja.

MWANAIDI: La mpwa wangu, ana miaka minne. Jumanne nimemkuta kalala kifudifudi sakafuni anaandika moja mpaka hamsini, penseli kaibana mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikamwambia, mama, niletee vijiko vinne. Kaniletea beseni zima.

SHABANI: Hamsini anaiandika, nne haijui!

MWANAIDI: Anaichora tu. Wakati mtaala wetu wa elimu ya awali, tangu ule wa 2016, unataka mtoto ajifunze kwa michezo, darasani kuwe na kona za ujifunzaji, mwalimu mmoja kwa watoto 25.

SHABANI: Ishirini na watano! Shule gani ya serikali hapa mjini utawakuta 25 tu?

MWANAIDI: Ndiyo maana nasema watoto wacheze mdako darasani, ule mchezo wa mawe. Hauna gharama. Kishimo, mawe kumi na mawili. Unarusha jiwe juu, unakomba yote nje, unadaka. Unarusha tena, unarudisha shimoni, unabakisha moja nje. Mzunguko wa pili unabakisha mawili mawili. Hiyo si hesabu ya kutoa?

SHABANI: Na yakibaki matatu umeungua.

MWANAIDI: Huungui! Unarusha tena, unasukuma lililozidi.

SHABANI: Wapi huko?

MWANAIDI: Tanga.

SHABANI: Da Mwana, hiyo ni dhuluma. Kwetu Kigoma ungenyang'anywa mawe.

MWANAIDI: Kwa hiyo unaona? Aliyekaa pembeni anakodoa macho apate kusema "matatu hayo!" ndiye anayehesabu kuliko wote.

SHABANI: Anahesabu, sawa. Lakini mdako anaucheza mtaani bure. Nyumba nyingi hazina kitabu hata kimoja. Huyo mtoto herufi atazionea wapi kama si shule? Akifika darasa la kwanza hajui kushika penseli, kwenye msongamano ule nani atarudi nyuma kumngoja?

MWANAIDI: Mtaani hakuna mwalimu wa kumuuliza "shimoni yamebaki mangapi, umejuaje?" Hadithi zimo, nyimbo zimo, herufi azione ukutani, kwenye jina lake. Kunakili kurasa, hapana.

SHABANI: Mimi nasema KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ianze hapo hapo awali, kidogo kidogo, na daftari liwepo.

MWANAIDI: Miaka minne? Sikubali.

SHABANI: Mzazi akikuta daftari tupu anamhamisha mtoto.

MWANAIDI: Basi mzazi naye aitwe, akae chini aone mwanawe anavyopanga visoda. Mtaala usipangwe kwa hofu ya mzazi.

SHABANI: Hofu yake ina sababu, dada yangu. Hapo hunitoi.

MWANAIDI: Wala wewe hunitoi.

SHABANI: Tumebakiwa na dakika moja. Tulikuwa na mambo manne ya kupanga ratiba ya siku ya chekechea, hatujagusa hata moja.

MWANAIDI: Yangoje. Walimu wa awali mnaofundisha watoto zaidi ya 25, tutumieni sauti: asubuhi mnaanzaje?

SHABANI: Na mdako semeni ukweli. Matatu, umeungua.

MWANAIDI: Unasukuma!