Kitako Ndicho Kinachotaja Mwaka

Ndugu mafundi mnaotengeneza nakala za bunduki za kale, neno hili nimelisema katika kila jukwaa nililopewa na leo nalirudia. Gobore ukiliita la Lancaster, Pennsylvania, kule Marekani, la miaka ya 1770, basi liwe la Lancaster na liwe la miaka hiyo, tangu kitako hadi mdomo wa mtutu. Habari za Wajerumani na Waswisi waliofika na bunduki fupi za kuwindia, zikarefushwa mitutu, mnazijua. Sizirudii.

Twende kwenye bamba la kitako, lile la chuma au shaba linalofunika mwisho wake. La miaka ya 1770 ni pana, kama milimita 50, na limekaribia kuwa bapa. Kufikia miaka ya 1820 limekonda na kupinda kama mwezi mwandamo. Fundi ananunua bamba la mwezi kwa kuwa linapendeza, analipigilia kwenye bunduki ya 1770, kisha anashangaa kwa nini umbo linakataa. Lazima likatae! Kitako chembamba kinadai shingo nyembamba, pale mkono unaposhika, shingo nyembamba inadai mtutu mwembamba, na wewe umeshachimbia mtutu mnene.

Najua mtaniambia mafundi wa kale nao walichanganya, wakang'oa vipuri kwenye bunduki zilizovunjika. Kweli kabisa. Lakini walitia cha zamani kwenye kipya. Bamba la 1760 laweza kukaa kwenye bunduki ya 1790. La 1820 haliwezi kukaa kwenye bunduki ya 1770, kwa sababu lilikuwa halijatengenezwa. Ni hivyo hivyo kwa mtambo wa kufyatulia. Kiswahili chenyewe kinatenganisha gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, na fataki, inayowasha kwa kikofia kinacholipuka kikigongwa, na fataki zilianza kuenea miaka ya 1820. Mtambo wa fataki kwenye bunduki ya enzi za vita vya uhuru wa Marekani hauna utetezi.

Sasa mtutu. Mitutu mingi ya wakati ule haikuwa na unene mmoja: ilikuwa minene nyuma, ikapungua hadi kiunoni, ikapanuka tena kidogo mdomoni. Mfano mzuri ni milimita 27 nyuma, 20 kiunoni, 23 mdomoni, kwa urefu wa sentimita 107 hivi. Mtutu ulionyooka ni rahisi kuuchimbia, nakubali, lakini bunduki inalemea mbele na mstari wa chini wa mbao unakufa.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni mbao zilizobaki. Kati ya tumbo la mtutu na tundu la mdeki, ile fimbo ya kushindilia, panatakiwa milimita 3 tu. Keekee ndefu hufuata nyuzi za mbao. Ikishuka, unabaki na milimita 6 au 7, na hapo balaa linaanza: mbao za mbele zinatuna, mtambo unaonekana umeelea juu, kilinda kifyatuo kinasukumwa chini, na bunduki nzima inakuwa na kitambi. Hakuna nakshi itakayokificha. Pima kina kila baada ya sentimita chache, na keekee ikianza kupotea simama. Kisha ukingo wa mbao unaouzunguka mtambo: milimita 3, au pungufu. Watu huacha 6 kwa woga wa patasi. Shika bunduki halisi ya wakati ule mkononi, funga macho, upitishe kidole gumba pale penye mtambo: utakuta chuma, halafu mbao kidogo sana, halafu hewa. Nakshi ya kuinuka nayo isizidi milimita moja na nusu.

Muda unanikimbia. Kitako cha mbao za mti wa mepo zenye nyuzi za mawimbi hupakwa tindikali ya naitriki iliyoyeyushiwa chuma. Fanyieni nje, mvuke wake ni sumu. Ikikauka, pitisha joto karibu hadi rangi igeuke kahawia yenye wekundu, kisha osha kwa maji ya magadi, la sivyo mbao zitaendelea kuwa nyeusi. Umalizie kwa ubapa wa kukwangulia, msasa unalainisha kingo zote. Kisanduku cha ubavuni mwa kitako, kile cha shaba chenye bawaba, kisipachikwe kwenye bunduki ya 1750. Weka cha mbao cha kuteleza.

Na skrubu za mbao: zenye ncha kali zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1840. Kata ncha, tia tupa, ndipo uzifunge.