Andiko Lako Nilitoka Nalo Nje

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji kwenye kipindi chetu cha nyota na maandishi. Mimi ni Rehema, niko na kaka Salim kama kawaida. Leo hatutambulishi kundinyota jipya. Tunazungumzia kinachotokea pale mtu anapokaa akaandika kuhusu anga, kisha akampa mwenzake asome. Anayesoma aseme nini? Na aliyeandika apokeeje?

SALIM: Asante dada Rehema. Nianze na mrejesho ulionisaidia kidogo kuliko yote: "Zuri sana, hongera." Nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya Jabari, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Orion. Nilizihangaikia wiki tatu. Rafiki yangu akasoma, akanijibu maneno hayo matatu. Jioni ile nilifurahi, lakini kesho yake nilipolifungua andiko sikujua pa kuanzia.

REHEMA: Alikutia moyo wewe, andiko hakuligusa.

SALIM: Hakuligusa. Wiki hiyohiyo msomaji mwingine akaniandikia ujumbe ambao nimeutunza mpaka leo. Anasema hivi: "Umesema nitazame juu kushoto nitaona nyota nyekundu, ndilo bega la Jabari. Nimetoka nje saa tatu usiku na andiko lako mkononi. Juu kushoto naona nyota nyeupe inayoelekea bluu. Nyekundu naiona chini kulia. Nimekosea wapi?"

REHEMA: Kumbe hakukosea.

SALIM: Hata kidogo. Maelezo yangu niliyatoa kwenye mchoro uliotengenezwa kwa watu wa kaskazini ya dunia. Wao humtazama Jabari wakiwa wameelekea kusini, wanamwona amesimama wima: Betelgeuse, ile nyekundu ya begani, juu kushoto, na Rigel, ile nyeupe ya kibluu, chini kulia. Msomaji wangu anaishi mbali kusini mwa ikweta. Yeye humtazama akiwa ameelekea kaskazini, na kwake Jabari yuko kichwa chini, miguu juu. Na ukiwa karibu na ikweta, Jabari anapochomoza mashariki utamkuta amelala ubavu.

REHEMA: Ngoja tukae hapo kidogo, maana ujumbe ule naupenda. Hakusema "umekosea". Hakusema "maelezo yako hayaeleweki", neno ambalo mwandishi hana la kulifanyia. Amekwambia alichosoma, alichofanya, alichokiona, na mahali alipopotea. Wewe ukisoma unaijua sentensi yenyewe, unalijua hata neno: "kushoto".

SALIM: Kushoto na juu. Yote mawili niliyatoa. Sasa nimeandika: "Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, huo ndio mkanda wake. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota yenye wekundu. Upande wa pili, karibu umbali uleule, kuna nyingine nyeupe ya kibluu." Asimame mtu kokote duniani anakoonekana Jabari, awe kichwa chini au amelala, sentensi hiyo itamfikisha.

REHEMA: Ndiyo maana mimi nikiombwa kusoma andiko la nyota, nikiweza, nasubiri usiku. Nasoma mara moja ndani, halafu natoka nalo nje. Mezani kila kitu kinaeleweka. Gizani ndipo unapogundua kwamba mwandishi hakutaja mwezi wala saa, na kundinyota analolisifu kwa wakati huu liko angani pamoja na jua, halionekani kabisa.

SALIM: Tuambie ya Salibu, dada.

REHEMA: Ya Salibu iliniuma. Niliandika juu ya ule msalaba wa kusini kwamba nyota zake kuu ni "ndugu wanne waliokataa kuachana". Hiyo ndiyo sentensi niliyoipenda kuliko zote katika andiko lile. Nikampa mtu anayejua mambo ya anga. Akajibu kwamba nyota ya kichwani, Gacrux, iko umbali wa miaka ya nuru 88 hivi, na ya miguuni, Acrux, iko kama 320. Akamalizia: "Ndugu gani hawa?"

SALIM: Ukafanyaje?

REHEMA: Nilikasirika. Niliandika jibu refu kwamba mwandishi ana haki yake ya kupamba lugha, kwamba watu wa sayansi wanaua uzuri. Sikulituma. Siku ya tatu nikausoma upya ujumbe wake, nikaona jambo ambalo hasira ilinificha: hakuniambia niifute ile sentensi. Aliniuliza swali. Nami nilipolijibu lile swali kwa dhati, nikaandika hivi: "Ni ndugu wanne machoni petu tu. Wa miguuni yuko mbali zaidi ya mara tatu kuliko wa kichwani; aliyewakutanisha ni sisi tunaotazama."

SALIM: Na hii inanigusa kuliko ile ya mwanzo.

REHEMA: Hata mimi. Nisingeifikia bila yule mtu, na nisingeifikia kama ningemjibu siku ileile.

SALIM: Basi mimi nilichukua jambo hilohilo nikalitumia vibaya, na leo nalisema hadharani. Mwandishi mmoja anayeanza alinipa rasimu juu ya zile nyota saba za Dubu Mkubwa zenye umbo la kata ya kutekea maji. Aliandika kwamba zinasafiri pamoja angani kama msafara. Nami, kichwani nina Salibu yako, nikamwandikia pembeni: "Nyota za kundinyota hazina undugu. Futa."

REHEMA: Neno moja tu, futa.

SALIM: Neno moja, akafuta. Baadaye nikiwa nasoma mambo mengine kabisa nikakutana na habari kwamba kati ya zile saba, tano kweli zina asili moja na zinakwenda pamoja, ziko umbali wa miaka ya nuru 80 hivi kutoka kwetu. Zenye njia zao ni mbili tu: Dubhe, iliyo mdomoni mwa kata, na Alkaid, iliyo ncha ya mpini. Mwenzangu alikuwa amekosea kwa nyota mbili. Mimi nilikosea kwa tano.

REHEMA: Ukamwambia?

SALIM: Usiku uleule. Nikamwomba radhi, nikampelekea maelezo yote. Akanijibu kwa upole, lakini ile rasimu alikuwa ameshaitupa. Fikiria angeandika kwamba msafara ni wa watano, na wawili wa miishoni wamejikuta tu wako kwenye mstari. Lingekuwa andiko zuri kweli.

REHEMA: Ungeuliza tu, "Hili umelitoa wapi?"

SALIM: Angenionyesha, na pengine tungezipata hizo nyota mbili pamoja. Tangu siku hiyo sisahihishi jambo kwa kumbukumbu. Nikishuku sentensi, kwanza natafuta mwenyewe, na hata nikiwa na hakika, nauliza kabla ya kufuta.

REHEMA: Ingawa kuna mengine hayana haja ya mjadala. Mwaka wa nuru ni umbali, kilomita trilioni 9.46 hivi, si muda. Nyota ya Kaskazini si angavu kuliko zote. Usiku anayeongoza ni Sirius. Makundinyota rasmi ni 88, na ile Kata peke yake haimo, ni sehemu ya Dubu Mkubwa. Haya yaandikie mstari mmoja kisha uendelee. Usimtolee mtu hotuba.

SALIM: Na maneno ya uhakika je? Maana mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, Betelgeuse ilipofifia, watu wengi tuliandika kwamba iko mbioni kulipuka.

REHEMA: Baadaye ikaonekana ni wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe likaiziba. Hapo mrejesho mzuri ni kuweka kidole kwenye neno. Mtu ameandika "italipuka karibuni". Mwulize, karibuni kwa nani? Wanaastronomia wakisema karibuni juu ya nyota ile wanaweza kuwa na maana ya miaka 100,000.

SALIM: Tuna muda wa andiko moja la msikilizaji. Ameomba tusimtaje jina. Nasoma: "Kilimia kina nyota saba, zimejikusanya kama vifaranga wanaoogopa baridi. Ukizikodolea macho zinajificha. Ukitazama pembeni kidogo zinarudi." Basi, ni hayo tu.

REHEMA: Hiyo ya kutazama pembeni, usiiguse, ndugu yetu. Ni kweli kabisa, ukingo wa jicho huona mwanga hafifu vizuri kuliko katikati, na umeieleza kama mtu aliyesimama nje akaona. Na vifaranga nawaona.

SALIM: Mimi nasimama kwenye "saba".

REHEMA: Hata mimi.

SALIM: Kwa sababu sentensi zote mbili zina macho yake, ila hiyo namba imetoka kwa watu. Sehemu nyingi duniani wanasema saba. Watu wengi wakitazama kwa macho matupu huhesabu sita, wenye macho makali huzidisha, na kwa darubini ziko zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo namuuliza: wewe mwenyewe ulihesabu ngapi?

REHEMA: Subiri usiku usio na mwezi, ukae gizani kama dakika ishirini macho yazoee, halafu uhesabu. Namba utakayoipata ndiyo uiandike.

SALIM: Hata zikiwa tano?

REHEMA: Hata zikiwa tano. Na utuletee tusome.