Mjuaji Apewe Ekari Moja Kwanza

Ndugu wajumbe, nalirudia lile lile, na nitalirudia hadi vyama vyetu vya ushirika vilisikie. Mtu anayejiamini kupita kiasi na kukosea kila mara, msibishane naye mkutanini. Ukimpinga mbele ya watu anaacha hoja na kuanza kutetea heshima yake. Mwombeni majaribio.

Habari ya karanga za Kongwa, ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashine kule Dodoma baada ya Vita Kuu ya Pili, mnaijua, ila wengi mnaisimulia vibaya. Mnasema Waingereza hawakuijua nchi. Jamani! John Wakefield, aliyeongoza timu ya uchunguzi mwaka 1946, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hii hii. Kilimo alikijua, na ndiyo maana alisikilizwa. Timu ikazunguka majuma machache, maeneo mengi ikayatazama kutoka angani, ikarudi na hesabu: ekari zaidi ya milioni 3, miaka 6, karibu pauni milioni 25. Shamba la majaribio? Hakuna.

Sasa udongo wa Kongwa ulivyo: mvua ikinyesha, unalimika. Mvua ikikata, unashika kama saruji. Na karanga huzaa chini! Zimekomaa, zimo mle ardhini, na mashine haiingii. Chembe kali za udongo huo zikawa zinamaliza vyuma vya majembe. Mvua zenyewe si za kutegemea. Wagogo, wenyeji wa pale, walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyowaua wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Elimu hiyo ilikuwa pale pale kijijini, na haikuingia kwenye hesabu.

Linaloniuma zaidi ni yaliyofuata. Matrekta yalipoharibika, zikatafutwa mashine nyingine, hadi vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa matrekta. Ardhi inakataa, wao wanaongeza vyuma! Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Unataka kusema bila watu jasiri hatuendelei. Sikatai hata kidogo. Jasiri mpeni ekari moja, msimu mmoja. Akiikataa ekari hiyo na kutaka mkopo wa chama kizima, mnangoja nini tena?

Jingine: anachoahidi kiandikwe kwenye muhtasari, magunia mangapi na lini, asije akasema hakusema hivyo. Na akiwa ni bosi wako, mfuate faragha kabla ya kikao, umpe njia ya kubadili msimamo bila kuaibika. La wakwe wajuaji nalo nilikuwa nalo, ila mwenyekiti ananionyesha saa.

Katibu, naona ajenda inayofuata ni mkopo wa pampu za umwagiliaji. Kabla hamjanyoosha mikono, aliyeuleta mradi huo asimame atuambie: pampu hiyo imejaribiwa kwenye shamba la nani, na kisima chake kilikuwa na maji kiasi gani mwezi wa kumi?