Siti binti Saad na Suala la Kujikubali

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie kujikubali, nami nimeona ni vyema nimtazame mtu mmoja ambaye jina lake sote tunalijua, ingawa maisha yake hatuyatafakari vya kutosha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, wakati utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na mtoto wao wakampa jina la Mtumwa. Hakuwa na ukoo wa kumtetea, hakusomeshwa, na kwa vipimo vya wakati ule hakuhesabiwa miongoni mwa warembo. Alichokipata kwa mama yake ni ufinyanzi: kuukanda udongo, kuupandisha duara juu ya duara mpaka uwe chungu, kukianika, kukichoma, kisha kujitwika mzigo na kuupeleka mjini kuuza. Inasimuliwa kwamba alikuwa akinadi vyungu vyake kwa kuimba, na wateja wakimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kujikubali ni kusema "mimi ndivyo nilivyo" na kukaa pale pale ulipo. Siti hakukaa. Alijifunza uimbaji kwa wanamuziki wa mjini, akajifunza kuisoma Kurani kwa sauti iliyosifiwa, akaachana na vyungu. Alibadilisha kazi, makazi na hata jina lililomtambulisha, lakini hakutunga hadithi nyingine kuhusu alikotoka.

Jambo hilo lilijaribiwa alipopata umaarufu. Mahasidi walimtungia wimbo wa kumsimanga kwamba ametoka shamba na kaniki yake, na kwamba lau si sauti asingekuwa na cha kula. Kejeli hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyosikika leo, kwani kaniki lilikuwa vazi la watumwa, na baada ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, walioachwa huru waliharakisha kulivua na kuvaa kanga, na baadhi yao wakajitafutia asili mpya. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyepimwa kwa ukoo maisha yake yote ana haki ya kuukimbia mzani huo.

Siti alijibu kwa wimbo, na jibu lake nimelifikiria kwa miaka mingi. Hakusema kwamba yeye ni mzuri, wala hakudai ukoo asiokuwa nao. Alisema kwamba sura jamali na jadi kubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Tazameni alivyofanya: kila walichomshutumu nacho alikiacha kiwe kweli, kisha akakataa kwamba ukweli huo unamshusha. Sisi wengi hufanya kinyume. Tukichekwa lafudhi, tunaificha. Tukiulizwa mama anafanya kazi gani, tunamtafutia kazi nyingine, na kwa kukanusha huko tunakuwa tumekubaliana na anayetucheka kwamba kweli hilo ni aibu. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona vijana hodari wakichakaa kwa kazi hiyo ya kuficha, wakishindwa kuwakaribisha wazazi wao hata siku ya mahafali.

Jambo jingine ni kwamba aliimba kwa Kiswahili. Taarabu ya kasri, tangu enzi ya Sultan Barghash, ilikuwa ya Kiarabu, na heshima yote ilikuwa huko. Nyimbo za Siti zilizungumza lugha ya mitaa, zikitaja kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa na taabu za wanawake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikasikilizwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kile ambacho wangeweza kukionea haya ndicho kilichowafikisha huko.

Huenda mmoja wenu akauliza: mbona inaelezwa kwamba alikuwa akiimba amejifunika uso? Je, huko si kujificha? Mimi sioni hivyo. Kuishi kwa ukweli wako hakukulazimishi kumfungulia kila mtu kila mlango, na nadhani zama hizi za simu, ambamo vijana wanaaminishwa kwamba asiyejianika hajiamini, tunahitaji kulisema hilo waziwazi. Siti alichagua aonyeshe nini, lakini hakudanganya.

Alifariki mwaka 1950. Miongoni mwa waliojifunza kwa kumsikiliza alikuwemo Fatuma binti Baraka, tunayemjua kama Bi Kidude, aliyezichukua nyimbo za Siti akaziimba mpaka uzee wake mkubwa, na kufariki mwaka 2013. Lakini buibui hakulichukua. Yeye aliimba uso wazi, akapiga ngoma, akawafunda wasichana katika unyago, akavuta sigara hadharani bila kumwomba mtu radhi. Wanawake wawili, nyimbo zile zile, na hakuna aliyejaribu kuwa mwenzake. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo.